Kiti cha Bosi

Pale kwenye kituo cha teksi, mbele ya duka la dawa, walimwita Kioo, na jina hilo hakulipata kwa kupenda kujitazama. Alilipata kwa ajili ya kile kioo kidogo cha ndani, kinachokaa juu ya dashibodi, ambacho madereva wenzake walikitumia kutazama magari yanayokuja nyuma, na yeye alikitumia kuchunga mke. Abiria wa kiume akipanda siku ambayo mkewe yumo garini, Kioo alijua kabla ya kona ya kwanza kama macho ya mtu huyo yalikuwa barabarani au mahali pasipomhusu. Siku moja alimshusha bwana mmoja katikati ya safari kwa kosa la kumwambia mkewe kwamba kilemba kimempendeza. "Nauli nimemsamehe," aliwaambia wenzake kituoni, "macho sijamsamehe." Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Ndivyo alivyoumbwa. Wapo wanaozaliwa na sauti ya kuimba, wapo wanaozaliwa na mkono wa kilimo, yeye alizaliwa na wivu, na kama wivu ungekuwa kazi angekuwa ameshastaafu kwa heshima zote. Aliona wivu kwa mkewe, kwa gari lake, hata kwa kikombe chake cha chai. Usukani wake haukuguswa na mtu. Mkewe alikuwa amesoma udereva kwa kaka yake, mwalimu wa udereva, na akapata leseni kabla hata hawajaoana, lakini leseni hiyo ililala kabatini chini ya mashuka kama nguo iliyobana.

"Gari na mke haviazimwi," Kioo alikuwa akisema.

"Mimi nimekuomba gari," mkewe alimjibu, "mke sijakuomba."

Lakini tumtendee haki. Alimpenda huyo mke, na mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwenye maneno mengi na mikono isiyotulia, na kila asubuhi kabla ya Kioo kuanza kutafuta abiria alimpeleka kwanza kwenye chumba cha ushonaji alichofanyia kazi. Safari hiyo haikuwa ndefu, ila Kioo aliipenda kuliko kitu chochote cha siku nzima. Mke alikaa mbele, kando yake, akavua viatu, akafungulia redio akaifunga, akamsimulia habari za wateja wake: huyu anataka gauni la kumbana ili mumewe ajute, yule amenenepa na anasema kitambaa ndicho kilichosinyaa. Huku akisimulia alimenya chungwa, na kila taa ilipowaka nyekundu alimtia mume kipande mdomoni. Madereva wengine hulaani taa nyekundu. Kioo alizipenda zote, na ile ya karibu na shule ilikuwa kipenzi chake kwa sababu ilichelewa kugeuka.

Kisha akazaliwa mtoto.

Msinielewe vibaya, na wala msimwelewe yeye vibaya. Kioo alifurahi mtoto wake wa kiume alipozaliwa. Aligawa soda kituoni, akampigia honi kila aliyemjua na wengi asiowajua. Furaha hiyo ilikuwa ya kweli, na ilidumu vizuri mpaka siku shemeji yake alipokuja na zawadi.

Zawadi yenyewe ilikuwa kiti cha mtoto cha garini, kikubwa, cheusi, kina mikanda yake midogo na kifungo chekundu katikati. Shemeji alikuwa mtu mpole, lakini alikuwa na ugonjwa wa walimu wote: hawezi kukupa kitu bila kukupa na somo. Akakibeba mwenyewe mpaka kwenye gari, akafungua milango yote, na Kioo akasimama pembeni ya gari lake kama mgeni.

"Kiweke hapa mbele, shemeji," Kioo alisema. "Kando yangu. Nimwone mwanangu."

Shemeji akatikisa kichwa, akagonga dashibodi kwa kidole. "Humu ndani umelala mfuko wa hewa. Gari likigonga, unafumuka kabla hujasema mama. Wewe mtu mzima utakuokoa. Lakini mtoto akiwa hapa, amewekwa ametazama nyuma, mfuko utakipiga kile kiti mgongoni, na kiti kitampiga yeye kichwani. Mbele hapana, shemeji yangu. Hapana kabisa."

"Basi nyuma, katikati."

"Katikati pangefaa kuliko kote, ni mbali na milango yote miwili. Ila gari lako mkanda wa katikati ni wa kiunoni tu, na kiti hiki kinataka mkanda kamili, wa kiunoni na begani. Kitakaa hapa, nyuma ya kiti cha abiria. Mkisimama, mtoto mnamtoa upande wa watembea kwa miguu, si upande wa magari." Akaingiza mkanda kwenye tundu lake, akakandamiza kiti kwa goti, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, kisha akakishika chini karibu na mkanda na kukitikisa. Hakikucheza. "Kila ukikifunga, kitikise hivi. Na siku zote atazame nyuma."

"Mpaka lini?"

"Mpaka shingo ikomae. Mwaka huu usahau. Kinaweza kugeuzwa kikatazama mbele, lakini siku ikifika nitakuja kukigeuza mwenyewe."

Nitakuja kukigeuza mwenyewe. Katika gari la nani? Kioo alishukuru kwa mdomo, kwa sababu zawadi ni zawadi, lakini donge lilimkaba. Na hilo lilikuwa donge la kwanza tu. La pili lilimjia asubuhi ya pili yake, mkewe alipotoka na mtoto, akamfunga kwenye kiti, akazunguka gari, na badala ya kuja mbele akafungua mlango wa nyuma.

"Unakwenda wapi?" Kioo aliuliza.

"Kukaa na mtoto. Si ametazama nyuma? Nikiwa mbele nitamwonaje?"

Akakaa nyuma ya dereva, kando ya mtoto, akafunga mkanda na kusema, "Twende." Sasa kukaa hapo nyuma ya dereva kulikuwa na ubaya mmoja ambao mke hakuufikiria. Hata kile kioo cha ndani, rafiki wa miaka yote aliyempa Kioo jina lake, hakikumfikia mke vizuri. Kioo akikiinamisha alipata kilemba. Akikiinua, alipata dari. Mtoto ndiye hakumwona kabisa, aliona mgongo mweusi wa kiti tu.

Ila aliwasikia. Kila asubuhi aliwasikia. Mkewe akinong'ona, mtoto akigugumia kama maji yanayoanza kuchemka, kisha wote wawili wakicheka.

"Mnacheka nini huko nyuma?" Kioo aliuliza.

"Hakuna. Mambo yetu."

Mambo yetu! Neno hilo lilimkaa rohoni siku nzima. Habari za wateja zilikoma, au tuseme zilihamia nyuma na kusimuliwa kwa mtu asiye na meno. Chungwa aliachiwa juu ya dashibodi bila kumenywa, na dereva hawezi kumenya chungwa huku anaendesha. Lilikaa hapo mpaka likasinyaa. Taa ya karibu na shule ikawa taa kama taa nyingine, tena inayochelewa.

Wenzake kituoni hawakumsaidia. Walipoona anavyoendesha peke yake mbele na familia imekaa nyuma, wakampa mtoto jina la Bosi. "Bosi kafika salama?" waliuliza. "Bosi kakulipa leo au kakukopa?" Jina likashika, likaingia mpaka nyumbani, na mkewe mwenyewe akaanza kumwita mumewe Baba Bosi. Hata hayo angeyameza. Kilichomshinda ni siku ya kituo cha mafuta, pale kijana wa kujaza mafuta alipoinama kwenye dirisha la nyuma na kumwambia mkewe kwa adabu kubwa, "Mama, mwambie dereva wako asogee mbele kidogo."

Mkewe akacheka, akasema, "Dereva, umesikia?"

Ulikuwa utani. Kioo alijua ni utani. Usiku huo aliacha chakula sahanini.

Alianza kufanya mambo ya aibu. Alimsahihisha mkewe anavyombeba mtoto, naye mwenyewe hajawahi kumbadilisha nepi. Mtoto akilia alifurahi kidogo, moyoni, halafu akajichukia. Jioni moja mkewe alikuwa amekaa sebuleni ananyonyesha, amefumba macho kwa uchovu, na Kioo akajikuta anamtazama yule mtoto kama anavyomtazama abiria aliyesifu kilemba. Mtoto aliacha kunyonya, akamgeukia, akatabasamu kwa maziwa mdomoni. Kioo akageuza uso kwanza. Fikiria mwanamume mzima ameshindwa kutazamana na mtu wa urefu wa mkono.

Angesema? Ingetosha kusema, "Mke wangu, nimekukumbuka." Lakini mwenye wivu huona haya kuomba kile anachokilinda. Kioo angeweza kumshusha mtu njiani kwa ajili ya mkewe, lakini kumwambia mkewe neno moja laini kulimshinda. Akatafuta njia ya kuzunguka.

Njia ilikuwa mikononi mwake kila siku. Kwa kuwa gari lilikuwa la kazi, kile kiti hakikukaa humo muda wote. Akishamshusha mkewe alikitoa na kukitia kwenye buti ili abiria wapate nafasi, na kila asubuhi alikirudisha na kukifunga upya. Alikuwa amekuwa hodari wa kukifunga. Na kadiri alivyokifunga, aliyakumbuka maneno ya shemeji: kinaweza kugeuzwa. Kama mtoto angetazama mbele, mama angeweza kumwona kwa kugeuza shingo tu. Hangekuwa na sababu ya kukaa nyuma. Wazo hilo alilifukuza asubuhi nyingi, na kila asubuhi lilimkuta hapo hapo, goti lake likiwa juu ya kiti.

Kisha asubuhi moja, mkewe akiwa ndani anamvisha Bosi, Kioo alikigeuza.

Alikifunga vizuri kuliko siku zote. Alitafuta tundu jingine la mkanda, akakandamiza kwa goti, akavuta, akakishika chini na kukitikisa. Hakikucheza hata kidogo. Mtu angemwona angesema, baba gani huyu mwangalifu.

Mkewe alitoka na mtoto begani, akasimama.

"Mbona kimegeuka?"

"Kaka yako kasema," Kioo alijibu, na alishangaa jinsi uongo ulivyotoka bila kukwaruza. "Jana alipita kituoni. Kasema Bosi keshakua, shingo imekomaa, sasa atazame mbele."

"Kaka kasema? Si alisema mwaka huu tusahau? Na kwamba atakuja kukigeuza mwenyewe?"

"Basi kabadili. Ana kazi nyingi, kaniachia mimi. Au mimi siwezi kugeuza kiti ndani ya gari langu?"

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Huyu hakujikwaa, aliruka mwenyewe kwa miguu yote miwili. Mkewe alitazama kiti, akamtazama mume, na kwa kuwa kaka yake kwa mambo ya magari alikuwa ndiye sheria, akamfunga mtoto mikanda yake na kusema, "Haya. Kama kaka kasema."

Na akafungua mlango wa mbele.

Lo! Ile safari. Kioo angependa isiishe. Mkewe alivua viatu. Alifungulia redio, akaifunga. Alianza na mteja aliyerudisha suruali mara ya tatu, akaja kwa bibi harusi anayetaka gauni lenye mifuko, na kabla hawajafika kwenye shule alikuwa ameshaingiza mkono kwenye mkoba na kutoa chungwa.

"Tazama, anatuona!" alisema, akigeuka nyuma. "Baba Bosi, anatuona wote wawili!"

Kioo alikiinamisha kioo cha ndani. Ni kweli. Kwa mara ya kwanza alipata uso wa mwanawe mle ndani, mviringo, umekodoa macho, na pembeni yake ukingo wa kilemba cha mkewe. Vyote kwa pamoja, vyote vyake. Taa ya karibu na shule ilikuwa ya kijani, lakini mkewe alimlisha kipande hivyo hivyo, bila kungoja nyekundu. Kioo akafumba mdomo juu ya vidole vyake na kutazama tena kwenye kioo, na akakaa anatazama.

Hapo ndipo godoro lilipochomoka juu ya gari la mbele yao na kuanguka barabarani.

Mkewe alipiga kelele. Kioo akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Mwendo ulikuwa mdogo, gari likasimama hata godoro lenyewe halikuguswa. Mikanda iliwashika wote, chungwa likaruka, likagonga dashibodi. Na ndani ya kile kioo, Kioo aliona kichwa cha mwanawe kikienda mbele peke yake, kwa nguvu, mpaka kidevu kikagonga kifua, kisha kikarudi nyuma kikiwa kimelegea.

Kukawa kimya. Baba Bosi huyo ambaye kwa miezi alikuwa akiombea kimya cha kiti cha nyuma, alikipata. Hakuna kitu kilichowahi kumtisha namna ile.

Kisha mtoto akalia. Mkewe alikuwa ameshatoka, miguu mitupu, ameshafungua mlango wa nyuma.

"Usimwinue!" alijiambia mwenyewe kwa sauti, mikono ikiwa juu ya kifungo chekundu. "Shika kichwa, shika kichwa kwanza."

Zahanati haikuwa mbali. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimlaza Bosi juu ya meza, akampapasa shingo na uti wa mgongo taratibu, akamgeuza, akamwonyesha tochi, akamwacha ashike kidole chake. Alichukua muda wake. Kioo alisimama ukutani, mdomoni bado ana kipande cha chungwa ambacho hakuweza kukimeza wala kukitema.

"Ameponea," daktari alisema mwishoni. "Shingo imeshtuka, lakini haijaumia. Mtamlaza vizuri, na akitapika au akilala usingizi usio wa kawaida mtamrudisha mara moja. Kiti chake kilikuwa kinatazama wapi?"

"Mbele," mke alijibu.

Daktari akavaa miwani. "Mama, kichwa cha mtoto huyu ni kizito kuliko shingo yake inavyoweza kubeba. Akitazama nyuma, gari likisimama ghafla, mgongo wa kiti unampokea mwili mzima, kichwa na shingo vyote pamoja. Akitazama mbele, mikanda inashika mwili, kichwa kinaendelea na safari. Leo hakikwenda mbali kwa kuwa hamkuwa na mwendo. Nani aliwaambia mkigeuze?"

"Kaka yangu. Na ni mwalimu wa udereva!"

"Basi arudi shule."

Nje, kwenye uwanja wa kuegesha magari, mkewe alimbeba mtoto begani kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akatoa simu. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hasira ilikuwa inayakausha. "Leo atanitambua," alisema. "Mimi na yeye, leo ndiyo mwisho. Mwanangu! Anapitisha mambo ya mwanangu kwa salamu za kituoni!"

Na hapa ni lazima tuseme jambo baya. Kwa muda mfupi kabisa, Kioo alifurahi. Alimwona yule shemeji mpole akitukanwa, akianguka kutoka pale juu alipowekwa, na ule wivu wa zamani ukalamba midomo. Kungebaki mwanamume mmoja tu wa kusikilizwa ndani ya gari lile. Ilibaki kunyamaza tu.

Simu ikaanza kuita. Bosi, begani kwa mama yake, aliacha kulia, akamtazama baba yake kwa macho mekundu.

Kioo akaweka kiganja juu ya simu. "Kata."

"Niache!"

"Kata, mke wangu. Kaka yako hakusema kitu. Sijaonana naye. Ni mimi."

Mkewe alikata. Alingoja.

"Nilitaka urudi mbele," Kioo alisema. "Tangu azaliwe unakaa nyuma, mnacheka, nikiuliza mnasema mambo yenu. Nikaona akitazama mbele utarudi kukaa na mimi. Basi."

"Unamwonea wivu mtoto wako?"

"Ndiyo."

Alidhani atapigwa kibao, na angekipokea. Lakini mkewe aliposema, sauti ilikuwa ya chini.

"Mimi nilikuwa nimekaa pale nakulisha chungwa. Nimefurahi. Wewe unajua, na unakula."

Kioo akakitemea kiganjani kile kipande cha chungwa.

"Ungeniambia tu," mkewe alisema. "Unafikiri mimi sikuchoka kutazama kisogo chako? Neno moja, Baba Bosi. Ungesema tu kwamba unanitaka." Akafuta pua kwa ncha ya kilemba, akanyoosha mkono. "Geuza kiti. Kisha nipe funguo."

"Funguo?"

"Mwanangu haendeshwi na wewe leo. Leseni ninayo, tangu azaliwe natembea nayo kwenye mkoba. Nilijua iko siku nitaihitaji, sikujua ni ya namna hii."

Kioo alikigeuza kiti. Tundu la kwanza, goti, mkanda, vuta. Alipokwisha, mkewe alimpa mtoto amshike, akainama, akakikamata kiti chini karibu na mkanda na kukitikisa kwa nguvu za hasira yake yote. Hakikucheza. Akamfunga mtoto, akaketi mbele ya usukani ambao hakuwahi kuugusa, akasogeza kiti, akarekebisha kioo cha ndani. Kioo alibaki amesimama nje ya gari lake mwenyewe, halafu akafungua mlango wa nyuma, kwa sababu wa kukaa na mtoto alibaki yeye.

"Ukifika njia panda, shika upande wa—"

"Abiria, kimya."

Mkewe aliendesha polepole na vizuri, vizuri kuliko mumewe alivyopenda. Kioo aligeuka kumtazama mtoto, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kutazama, na akakuta mtoto anamtazama yeye. Hawakuwahi kukaa hivi. Miezi yote ile walikuwa wamesafiri pamoja kila siku, mgongo kwa mgongo, mmoja akitazama barabara inayokuja na mwingine barabara iliyopita.

Bosi alimchunguza. Alitazama masharubu, akatazama kola ya shati, akanyoosha mkono na kumshika pua. Hakuishika kwa utani, aliikamata hasa, kama mtu aliyepata kitu chake kilichopotea. Kioo alijaribu kusema, "Nisamehe, baba," lakini kwa pua iliyobanwa sauti ikatoka kama ya bata. Mtoto akashtuka. Kisha akacheka, kile kicheko alichokisikia kila asubuhi na hakuwahi kukiona: kumbe huanzia kwenye miguu, miguu inapiga kwanza, halafu tumbo, halafu ndipo mdomo unafunguka. Kioo akasema tena kwa sauti ya bata. Miguu ikapiga. Akasema tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka na yeye mwenyewe alikuwa anacheka, na alikuwa amesahau kabisa gari linakwenda wapi na nani anaendesha.

"Mnacheka nini huko nyuma?"

Kioo aliinua kichwa. Gari lilikuwa limesimama kwenye taa ya karibu na shule. Ndani ya kile kioo cha ndani, kilichoinamishwa chini kuliko inavyotakiwa, yalikuwa macho mawili ya mkewe, mekundu bado, na jinsi yalivyotazama aliijua vizuri sana. Ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyekuwa ameimiliki miaka yote.

Jibu lilikuwa limeshafika ulimini: hakuna, mambo yetu. Alilihisi lilivyo tamu kwa anayelisema.

"Amenishika pua," alisema. "Nikiongea natoka kama bata. Ndicho kinachomchekesha. Anaanza kucheka na miguu, mke wangu, ulijua? Miguu kwanza."

"Najua," mkewe alisema. "Bado sijakusamehe."

"Najua."

"Na kesho hapo nakaa mimi. Usizoee."

"Rudisha kioo juu, mama," Kioo alisema taratibu. "Tazama barabara. Mambo yetu nitakusimulia."

Mkewe akakiinua kioo. Taa ikawaka kijani, na kwa mara ya kwanza tangu Bosi azaliwe Kioo alisikitika kwamba imebadilika, akiwa amekaa nyuma, pua yake mikononi mwa Bosi, akimsimulia dereva kila kitu alichokiona mpaka wakafika nyumbani.